Miguu Mitupu Saa ya Hesabu

Naibu wa mwalimu mkuu katika shule yetu alikuwa na vitu viwili asivyoweza kuvivumilia: kiatu chenye tope saa moja asubuhi, na kiatu cha aina yoyote mguuni mwa mwanafunzi saa ya hesabu. Mgeni angedhani anaelezwa watu wawili. Asubuhi alisimama langoni na kifimbo chake akiangalia chini tu, kana kwamba sisi hatukuwa na nyuso. Lakini kengele ya kipindi chake ikilia, mtu yule yule alisimama mlangoni mwa darasa akisema, "Vueni, vueni, miguu ipumue," nasi tulivua viatu na kuvipanga kwenye veranda, jozi arubaini na zaidi, tukaingia ndani miguu mitupu. Wenzangu walishangaa sana mara ya kwanza. Mimi sikushangaa, kwa sababu kwetu tulivua viatu kila Jumapili kanisani.

Jina lake sitaliandika. Sisi wenyewe hatukulitumia, tulimwita Naibu, na wazazi walimwita japuonj, yaani mwalimu. Nimekaa naye moyoni miaka mingi kwa sababu nilimkosea, nikakusudia kumwomba msamaha, na nafasi ya kumwomba niliipata mara moja tu. Nitafika huko. Kwanza nimweleze mtu mwenyewe, maana nikianza na kosa langu mtamwona kupitia kosa hilo, na yeye hakuwa mtu wa kuonwa hivyo.

Shule ilikuwa ya kutwa, upande wa Magunga, mahali ambapo udongo ni mweusi na mvua ikinyesha unang'ang'ania mguu mpaka unahisi umevaa buti. Kwa hiyo hakuna aliyekuja shuleni amevaa viatu. Tulitembea pekupeku, viatu vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kwapani, na wale waliotoka upande wa mbuga walikuwa na kazi ya ziada ya kufukuza mbung'o kwa mfuko huo huo. Viatu vilikuwa vya shule, havikuwa vya njia. Langoni palikuwa na pipa la maji lililokatwa katikati, na mawe matatu ya kusugulia visigino. Unanawa, unajifuta kwa nyasi, unavaa soksi, unavaa viatu, kisha unapita mbele ya Naibu kama mtu aliyeshuka kwenye gari.

Nimesema soksi. Wengi wetu tulikuwa na soksi za juu tu. Sehemu ya chini ilikuwa imeisha zamani, kikabaki kipande cha kuzunguka kifundo, nasi tukakivuta chini ili Naibu aone cheupe juu ya cheusi na aridhike. Alilijua hilo vizuri sana. Siku moja alimsimamisha mvulana mmoja wa kidato cha pili na kumnyooshea kifimbo.

"Hii soksi yako inaisha wapi?"

"Inaisha tu hapo kwa kiatu, mwalimu."

"Basi usiambie mtu. Pita."

Rangi ya viatu pia ilikuwa shida, na kwa ajili hiyo Naibu alikuwa amepanda maua mekundu mbele ya ofisi, yale makubwa ambayo ukiyasugua kwenye ngozi nyeusi yanaacha mng'ao. Mng'ao wenyewe ulidumu mpaka saa nne hivi, lakini Naibu hakutaka zaidi ya hapo. Alisimamia maua yale kwa ukali. Ua moja kwa mtu mmoja, viatu viwili. Ukichuma la pili ungemwagilia mimea wiki nzima. Kuna kijana mmoja aliyefika amevaa akala aliyoipaka masizi ya sufuria ili ifanane na ngozi. Naibu aliinama akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Ni viatu, mwalimu."

"Na kabla ya kukuwa viatu ilikuwa nini?"

"Ilikuwa tairi ya lori, mwalimu."

Shule nzima ilianguka kwa kicheko, na Naibu mwenyewe akang'ata mdomo. Kijana alifyeka nyasi mpaka saa sita. Kisha aliitwa ofisini, akatoka amevaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyokwisha kuvaliwa na watu wawili kabla yake.

Viatu hivyo vilitoka kwenye foleni. Foleni ya viatu sijaiona shule nyingine yoyote, na nimeona shule nyingi sasa. Ijumaa ya kwanza ya kila muhula, Naibu alitupanga uwanjani, si kwa vidato, si kwa urefu, bali kwa ukubwa wa miguu. Mtu wa kidato cha nne mwenye mguu mdogo angejikuta katikati ya watoto waliofika juzi, na angetaniwa mpaka muhula ukaisha. Naibu alipita akipiga magoti mbele ya kila mmoja, akibonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba. "Nipe gumba moja mbele," alisema. Ikiwa gumba lake halikupata nafasi mbele ya kidole chako, kiatu kile hakikuwa chako tena. Kilikwenda kwa mtu aliye mbele yako kwenye foleni, na wewe ulipewa cha aliye nyuma. Wa mwisho kabisa, wenye miguu mikubwa, walitafutiwa kutoka kwenye sanduku la ofisini.

Wazazi hawakuipenda foleni. Mama mmoja alikuja kutoka sokoni Magunga akiwa na hasira, akasimama mlangoni mwa darasa letu katikati ya kipindi.

"Japuonj, ile viatu ya msichana wangu niliuza kuku wawili ndio nikanunua. Sasa iko kwa mguu ya mtoto wa nani?"

Naibu hakubishana. Alimwita msichana mbele, na kwa kuwa ilikuwa hesabu, alikuwa tayari miguu mitupu. Akamwonyesha mama kucha ya kidole gumba, nyeusi tititi, imeanza kuinuka.

"Mama, nikurudishie gani, kiatu ama kucha?"

Mama aliitazama ile kucha, akashika shavu, akaenda zake.

Katika darasa lake tulijifunza hesabu kwa nyayo, nathubutu kusema hivyo. Sakafu ilikuwa ya saruji, baridi hata mchana wa jua kali, na mpaka leo nikiona mlinganyo mahali ninahisi ule ubaridi chini ya vidole. Alikuwa na maelezo yake. "Mtu aliyebanwa kidole hatafuti x," alisema. "Anatafuta kengele." Alifungua madirisha yote, na mtu akilalamikia harufu alimjibu kuwa hiyo ni harufu ya kilomita sita, na kama anajua njia fupi aseme. Sheria ilikuwa moja tu, na aliirudia kila mwanzo wa muhula akiwa amesimama wima, chaki mkononi: "Hapa hatuchekani miguu." Kuna mvulana aliyemcheka msichana mmoja mwenye makovu ya funza. Naibu alimwambia achukue viatu vyake verandani aende nyumbani, na hakumpokea tena mpaka wiki ikaisha na babake akaja naye.

Mimi sheria hiyo ilinilinda kuliko mtu mwingine yeyote. Nikiwa na miaka kumi na mitano nilivaa saizi arubaini. Niliona aibu juu ya miguu yangu kama wasichana wengine wanavyoona aibu juu ya meno au matiti. Nilipokuwa kidato cha kwanza, foleni ilinisukuma mpaka mwisho kabisa, kati ya wavulana warefu wanaocheza mpira, nikalia hapo hapo uwanjani. Muhula uliofuata, kabla ya foleni, Naibu aliniita ofisini peke yangu.

"Nyara," akasema, binti yangu, "kuja nikupime huku. Mguu mkubwa si makosa."

Nilisita. Soksi zangu zilikuwa za juu tu, na chini kulikuwa na kitambaa nilichofunga ili kiatu kisinichubue. Sikutaka akione. Nadhani aliona ninavyosita, kwa sababu aligeuza uso dirishani, akayatazama maua yake mekundu, mikono nyuma.

"Umemaliza?" akauliza baadaye, bado ameangalia nje.

"Nimemaliza, mwalimu."

Ndipo akageuka na kunipima. Tangu siku hiyo nikawa mtu wake. Nilipofika kidato cha tatu alinifanya monita wa darasa, nikawa ninabeba chaki zake na kuhesabu viatu verandani kipindi kikiisha ili pasitokee mtu wa kuondoka na jozi ya mwenzake.

Lakini yeye mwenyewe hakuvua kamwe. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vipana, vya kamba, vinang'aa kuliko vya mwalimu mkuu, na alitembea navyo kama mtu anayepita juu ya mawe ya moto, mguu wa kulia ukitua kwa upande. Katikati ya watu arubaini wenye miguu mitupu, yeye alisimama amefunga kamba. Mto ulipofurika alivuka na viatu vyake majini, akafika shuleni vinatoa maji, akafundisha hivyo hivyo mpaka vikakauka mguuni. Siku ya michezo walimu wote walivaa raba na kuvuta kamba, yeye akapuliza kipenga pembeni. Ukiwaambia watu wavue kila siku nawe huvui, watu watauliza. Nasi tuliuliza, miaka mitatu mizima.

Siku moja wakati wa mapumziko tulikuwa watano kando ya pipa la maji, wavulana watatu, msichana mmoja na mimi.

"Mi nasikia ako na kwato," mmoja akasema.

"Wacha ujinga. Alikanyaga mtego ya fisi huko mbuga ya Ruma. Babangu alisema."

"Sasa nani ataona? Huyo hata akikufa atazikwa nazo."

Nikasema, "Mimi nitamvua. Kabla muhula iishe."

Yule msichana akacheka. "Wewe? Wewe si ni kipenzi chake. Huwezi."

Neno hilo lilinichoma. Nimejaribu mara nyingi kutafuta sababu nzuri zaidi ya mambo niliyoyafanya baadaye, sijaipata. Niliambiwa mimi ni kipenzi cha mwalimu, nikataka kuonyesha kuwa si kweli. Basi.

Baba yangu alikuwa kiongozi wa kanisa dogo la watu wa kanzu nyeupe, na ibada ilifanyika katika boma letu. Ukivuka lango huvai kiatu, uwe chifu, uwe daktari, kwa sababu ardhi ile ilikuwa imewekwa wakfu. Hata wakaguzi wa ng'ombe walivua. Tulikuwa na siku ya kushukuru kwa mavuno, na nilimwambia baba kuwa mwalimu wangu wa hesabu angependa kualikwa. Baba alifurahi mno. Hakuna mwalimu aliyewahi kuja kwetu. Wengi waliwaona watu wa kanzu kama washamba. Akachagua jogoo mwenyewe, akamfunga kamba mguuni siku tatu kabla ili asipotee.

Naibu nilimwendea ofisini.

"Mwalimu, baba anakualika Jumapili. Tuko na sherehe ya mavuno."

"Sherehe ya aina gani?"

"Ya kawaida tu, mwalimu. Chakula."

Nilijua ninachokifanya. Ningemwambia ni ibada ya kanzu nyeupe angejua mara moja, maana nani kwetu hajui watu wale wanavua, naye angetafuta udhuru wa heshima na mambo yangeishia hapo. Alinitazama, akatabasamu. Akasema atakuja, kwa ajili yangu.

Alikuja kwa miguu, amevaa koti, na kilo mbili za sukari zimefungwa kwa gazeti. Wenzangu wanne walikuwa wamefika mapema na kujificha nyuma ya ua wa ojuok, ule mmea wenye utomvu mweupe unaotuzungushia maboma. Nilimlaki barabarani. Tulipokaribia lango akasikia ngoma, akaziona kanzu, akaviona viatu vya watu vimepangwa kwenye majani nje, na hatua yake ikafa. Mama mmoja mzee, mlinzi wa lango, alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, japuonj. Vua viatu uingie. Hapa ni mahali patakatifu."

"Mama, niko na kidonda," akasema polepole. "Wacha nikae hapa nje, nitasikia tu."

"Hata wenye vidonda wanavua. Kwani unafikiri hapa wanakuja kufanya nini?"

Wakati huo baba akatokea amevaa kanzu yake ya sikukuu, uso umejaa furaha, na nyuma yake waumini wamegeuka wote kumwona mgeni. Naibu alimtazama baba. Akanitazama mimi. Hakuonyesha kunishuku, na hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Angekataa, angemwaibisha baba mbele ya watu wake. Basi akakaa juu ya jiwe la langoni, akafungua kamba, kiatu cha kushoto, kisha cha kulia. Akavivua na soksi zake, zilizokuwa nzima, akanikabidhi viatu.

"Nishikie, nyara."

Vidole vyake vilikuwa vimepandana. Kile cha pili kilikuwa kimelala juu ya gumba, cha tatu kimejikunja chini kabisa, na vidogo vimekuwa donge moja lisilo na kucha. Miguu yote miwili. Aliinuka na kuanza kuvuka uwanja, na kila changarawe ilimuuma, ilionekana. Nikawageukia wenzangu nyuma ya ua na kuvipindua viatu wavione ndani. Kulikuwa na vipande vya blanketi vilivyokatwa kufuata umbo la miguu ile, vimeshonwa kwa uzi mweupe. Wenzangu hawakucheka. Walikuwa wameshika midomo. Mimi nilicheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, cha juu, na kilisikika. Ngoma ilikuwa imetulia kumkaribisha mgeni. Naibu alisimama katikati ya uwanja, mgongo wake kwetu, kwa muda wa pumzi moja. Hakugeuka. Kisha akaendelea mpaka kwenye mkeka alioandaliwa, akapiga magoti pamoja na wengine.

Jioni baba alinieleza, kwa sababu walikuwa wamezungumza baada ya kula. Naibu alipokuwa mtoto, shule haikumpokea mtu asiye na viatu. Walipata jozi moja, ya mtoto wa mzungu fulani aliyehama, nayo ilikuwa ndogo tangu siku ya kwanza. Aliivaa kutoka darasa la sita mpaka akamaliza kidato cha nne. Ikipasuka inashonwa. Mguu ukakua ndani yake, na kwa kuwa haukuwa na pa kwenda ukajikunja.

"Umeniletea mtu mkubwa," baba aliniambia. "Umefanya vizuri."

Nikamwitikia.

Sasa nafika mahali penye aibu yenyewe. Kicheko mtu anaweza kukisamehe; mtoto hushtuka akacheka. Lakini Jumatatu, kando ya lile pipa, wale wanne walipokuwa wakinitazama kana kwamba wamesahau kwa nini tulifanya vile, mimi, niliyekuwa nimeshasikia habari yote kutoka kinywani mwa baba, nilisema kwamba vidole vyake ni kama tangawizi. Nilitaka wacheke. Wakacheka. Nilikuwa ninajua, na bado nikasema.

Kengele ya hesabu ililia. Tukaanza kuinama verandani kama kawaida, wengine tayari wamelegeza kamba. Naibu alisimama mlangoni.

"Ingieni hivyo hivyo," akasema.

Hatukuelewa. Mtu akauliza, "Na viatu, mwalimu?"

"Hivyo hivyo."

Hatukuvua tena. Foleni nayo ilikwisha. Muhula uliofuata aliiacha kwa mwalimu mwingine ambaye aliifanya mara moja, bila kupiga magoti, kisha akaisahau. Kulikuwa na msichana mdogo wa kidato cha kwanza aliyevaa viatu vya marehemu dada yake, na muhula ule nilimwona mara kadhaa amejishikilia ukutani akienda chooni, amekanyaga visigino vya viatu. Hakuna aliyembonyeza ncha ya kiatu. Ningeweza kumbonyeza mimi, nilijua namna. Sikumwangalia mara mbili.

Jina la Tangawizi lilienea ndani ya wiki moja. Liliandikwa ubaoni kwa herufi kubwa kabla ya kipindi chake, na mimi monita nililiona, nikaliacha. Naibu aliingia, akalisoma, akachukua dasta, akalifuta taratibu, juu kwenda chini, bila kuruka herufi. Kisha akaandika tarehe na kuanza hesabu. Langoni aliendelea kusimama kila asubuhi, lakini sasa wavulana walipita wakinong'ona, na kifimbo chake kilikuwa kimeshuka. Nilipomaliza kidato cha nne alinipa mkono na kuniambia nisome ualimu. Mwaka uliofuata nikasikia amehamishwa. Wengine walisema aliomba mwenyewe.

Nikasoma ualimu kweli. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipangiwa shule ya msingi karibu na Isebania, na kwa muda wote huo nilikuwa na maneno niliyoyatengeneza na kuyarudia mpaka yakalainika: Mwalimu, aliyecheka siku ile ni mimi, na jina lile lilitoka kwangu. Ni maneno machache. Niliyasema nikifua, niliyasema nikisahihisha madaftari. Niliamini siku nikikutana naye yatatoka yenyewe.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea Sirare, ng'ambo ya mpaka, wabadilishaji pesa wanakimbia kando yake na vitita mkononi. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya mchuchumio nilivyonunua mitumba, vizuri sana, saizi thelathini na nane. Kando ya kituo cha malori palikuwa na fundi wa akala, Mkuria mmoja mwenye kisu kirefu, na mbele yake mzee ameketi juu ya kreti, miguu mitupu juu ya kipande cha tairi, anatafuna njugu. Fundi alikuwa anaichora miguu yake kwa chaki. Watu walipita wakitazama, na mzee hakujali hata kidogo.

Niliijua miguu kabla ya uso.

"Mzee, hii kidole yako ya pili inataka nafasi yake peke yake," fundi alikuwa anasema.

"Ipe," akajibu. "Imengoja miaka mingi."

Kisha akainua macho akaniona. "Nyara! Monita wangu!" Akanishika mikono yote miwili, hakuniachia. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Alikuwa amestaafu, akasema, anakaa kwa dada yake upande wa Migori, na kila mwaka huja kwa fundi huyu kwa sababu ndiye pekee asiyejaribu kuunyoosha mguu wake. Akaulizia baba. Nikamwambia baba ni mzima, na mimi ni mwalimu sasa. Maneno yangu yalikuwa yamefika kooni.

Akanitangulia.

"Kuna kitu sikukuambia," akasema. "Siku ile kwenu, mtu alinicheka nyuma ya ua. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mwalimu."

"Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitamjua, na nikimjua nitamchukia, na mimi ndio mwalimu wake. Ilikuwa mbaya. Lakini nikajiambia, kuna mtoto mmoja hapo nyuma ameshika viatu yangu. Nikaenda na hiyo mpaka kwa mkeka." Akaipigapiga mikono yangu. "Asante, nyara. Sikukuambia asante."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Midomo yangu ilifunguka, ninakumbuka vumbi liliingia.

"Si kitu, mwalimu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha macho yake yakashuka, kama zamani pale langoni, yakatulia kwenye viatu vyangu.

"Hii inakubana."

"Haibani, mwalimu."

"Nani amekuambia unajua kudanganya?" Akacheka. "Fundi, mpe mwalimu kiti. Kaa, nyara. Vua, miguu ipumue."

Nikakaa juu ya kigoda cha fundi. Visigino vyangu vilikuwa vimechubuka tangu asubuhi, damu imegandia kwenye soksi ndefu, nami nikasita, mikono juu ya kamba za viatu. Naibu aliona ninavyosita. Akageuza uso, akayatazama malori, mikono juu ya magoti, akakaa hivyo. Nikavua. Nilikuwa miguu mitupu mbele yake, naye hanioni uso wala miguu, na mtu hawezi kupewa nafasi nzuri kuliko ile ya kusema jambo lolote. Niliitazama shingo yake iliyokonda. Lori moja liliondoka, la pili likasogea mahali pake.

"Umemaliza?" akauliza, bado ameangalia kando.

"Nimemaliza, mwalimu," nikasema.